Shajara ya rafu ya taa: saladi na mrehani kwenye chumba kisicho na dirisha

Siku ya 1

Leo nimeanza rasmi. Nitakuwa naandika kila kinachotokea, kizuri na kibaya, maana najijua, nikikaa wiki mbili bila kuandika nasahau nilibadilisha nini na lini, alafu nashindwa kujua kilichosaidia ni kipi.

Chumba ni stoo ya ndani, hakina dirisha, jua haliingii hata kidogo. Nimeweka rafu ya chuma, kila ngazi ina sentimita 120 kwa 45. Juu ya ngazi ya kati nimefunga balbu tatu za LED za kawaida, nyeupe, wati 9 kila moja, ziko kama nusu mita kutoka kwenye trei. Nataka kuotesha saladi ya majani, ile isiyofunga kichwa, pamoja na mrehani. Mbegu za saladi nimezitawanya juu ya udongo bila kuzifukia kwasababu aina nyingi zinataka mwanga ndo ziote, na hapa kuna habari ambayo naipenda sana aisee: mwaka 1952 watafiti kina Borthwick na Hendricks kule Beltsville, Marekani, walimulika mbegu za saladi kwa mwanga mwekundu zikaota, wakamalizia na mwekundu wa mbali (ule ambao jicho karibu haliuoni kabisa) zikagoma, wakarudisha mwekundu zikaota tena, yaani iliyoamua ni rangi iliyomulika mwisho. Kimbegu kile kidogo kina swichi ndani yake! Tangu nilipoisoma iyo ndo nikapata hamu ya kufanya huu mradi.

Siku ya 4

Saladi zimetoka karibu zote. Mrehani bado. Taa nawasha na kuzima mwenyewe, kama masaa 12 kwa siku.

Siku ya 9

Kuna shida. Miche ya saladi imerefuka shingo, vishina vyembamba kama uzi, vyeupe, vimelala upande mmoja na vijani viwili vidogo juu. Mrehani nao umetoka ila unafuata njia iyo iyo. Nikadhani ni maji mengi, nikapunguza, hakuna kilichobadilika. Kinachonichanganya ni kwamba chumba kinang'aa kweli, ukiingia unafumba macho, sasa miche inatafuta mwanga gani mwingine?

Siku ya 10

Nimepata jibu, na ndo kitu kikubwa nilichojifunza mpaka sasa: jicho sio kipimo. Jicho linajirekebisha, ukiwa gizani linafunguka ukiwa juani linajibana, kwahiyo chumba chenye mwanga kiduchu linakuonyesha kama kimejaa mwanga. Nimeweka programu ya kupima luksi kwenye simu, nikaweka simu juu ya trei sensa ikitazama juu, ikasoma luksi 2,100. Nikatoka nje saa sita mchana nikapima juani, ilipita 90,000. Nilikaa nikaitazama iyo namba mda mrefu.

Sasa luksi ni kipimo cha binadamu, kimetengenezwa kufuata jicho letu linalopenda zaidi rangi ya kijani-njano. Mmea unahesabu chembe za mwanga, fotoni, zilizo kati ya nanomita 400 na 700, na zinahesabiwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kwa LED nyeupe za kawaida unaweza kukadiria kwa kugawanya luksi kwa 70 hivi, kwahiyo 2,100 zangu ni kama maikromoli 30. Alafu mmea haujali mwanga wa sekunde moja, unakusanya kutwa nzima, kama ndoo chini ya bomba, bomba likichuruzika ndoo haijai hata ukisubiri. Hesabu yake ni maikromoli mara masaa mara 0.0036, unapata moli kwa siku. Zangu: 30 × 12 × 0.0036 = 1.3. Saladi inataka 12 mpaka 17. Yaani nilikuwa naipa kama sehemu moja ya kumi ya inachohitaji alafu nashangaa mbona inarefuka, na kurefuka kwenyewe ndo mmea ukifanya kazi yake, unadhani umefunikwa na kitu na unapanda kutafuta upenyo.

Miche yote nimeitoa. Haitengenezeki ikishafika pale.

Siku ya 13

Mdogo wangu anayefanya kazi za umeme amekuja kutazama. Kasema, "Kaka, weka mkanda wa LED, unabandika tu chini ya rafu, kazi imeisha." Nimenunua mita tano za volti 12, tumezikata vipande viwili virefu tukaviunga mfululizo, mwanzo wa kimoja kwenye mwisho wa mwingine, tukabandika kwenye ubao na adapta yake.

Siku ya 17

Mkanda umeanza kubanduka. Gundi imelainika kwa joto. Kingine, mwanzo wa mkanda kulikoingia umeme unang'aa vizuri, mwisho wake umefifia, nimepima luksi chini ya kila upande na tofauti ni kubwa. Mdogo wangu kanielezea vizuri mpaka nikaelewa: volti 12 kwa wati 60 ni ampia 5, na zote zinapita kwenye vile vijistari vyembamba vya shaba vya mkanda, kwahiyo volti zinaliwa njiani. Mkanda wa volti 24 ungepitisha nusu ya ampia kwa wati zile zile na hasara ingeshuka mpaka robo, na ukilisha umeme pande zote mbili ni afadhali zaidi.

Kuhusu joto hapa lazima niseme kitu maana watu wengi wanaamini LED haina joto. Ina joto. Haitupi joto mbele kama balbu za zamani, ila hata LED nzuri karibu nusu ya umeme inageuka joto nyuma ya chipu palepale, na joto likikosa pa kutokea chipu inachakaa haraka na mwanga unapungua. Ubao wa mbao haupitishi joto, ndo maana gundi yangu imeyeyuka. Ilitakiwa alumini.

Siku ya 20

Nimebadilisha kila kitu. Mkanda nimeuhamishia kwenye kona ya kusomea, unafaa huko. Kwenye rafu nimeweka bodi mbili za LED nyeupe za 4000K (namba ya rangi ya weupe wake), kila moja imefungwa kwenye bamba la alumini, na draiva moja ya mkondo thabiti (kifaa cha kuzilisha umeme) yenye dima, yaani kirungu cha kupunguza na kuongeza mwanga. Nilikuwa sijui kwanini draiva ni muhimu kuliko adapta tu: LED ikipata joto volti zake zinashuka, sasa ukiipa volti zisizobadilika inavuta mkondo zaidi, inazidi kupata joto, inavuta tena, mpaka inaungua. Draiva ya mkondo thabiti inaishikilia pale pale. Bodi zote mbili kwa pamoja zinavuta wati 65 zikiwa wazi kabisa, nimepima kwenye plagi.

Nilikaribia sana kununua zile taa za zambarau, zenye nyekundu na bluu tu. Sababu yake ninaijua, klorofili inanyonya zaidi nyekundu na bluu, ndo watu wakaondoa rangi zingine. Ila mwaka 1972 mtafiti McCree alipima majani ya mimea 22 rangi kwa rangi na kijani ikaonekana inafanya kazi vizuri tu, sio inarudishwa yote kama tulivyofundishwa shuleni, na tena kijani inapenya ndani zaidi ya jani na kufikia majani ya chini. Hata kwenye kituo cha anga cha kimataifa, ule mtambo wa Veggie ambao wanaanga walikula saladi yake Agosti 2015, waliweka nyekundu na bluu lakini wakaongeza kijani ili mimea ionekane na rangi yake ya kawaida. Na hiyo kwangu ndo sababu nzito kuliko zote. Chini ya zambarau ni ngumu kutofautisha jani lenye njano na jani zima, sasa utajuaje mmea unaumwa? Mimi nataka kuiona mimea yangu.

Siku ya 21

Mbegu mpya. Taima imefungwa, masaa 16 taa zinawaka, 8 giza. Sitaki tena kuwasha kwa mkono.

Siku ya 27

Nimekosea upande wa pili. Nilishusha bodi mpaka sentimita 15 juu ya miche na dima nikaifungua yote, nikiamini mwanga mwingi ndo uzima. Majani ya kwanza ya mrehani yamepauka katikati na kujikunja kingo kama kikombe. Nimepima: luksi 31,000, sawa na maikromoli 440 hivi, kwa mche wa siku chache ambao mizizi yake haijafika hata chini ya trei. Jani likipewa mwanga kuliko linavyoweza kuutumia mitambo yake ya usanisinuru inaharibika.

Nimepandisha bodi mpaka sentimita 35 na kupunguza dima hadi luksi 8,000, kama maikromoli 115, ambayo kwa masaa 16 inatoa moli 6.6. Kwa miche midogo inatosha. Nitaongeza taratibu kila siku chache.

Siku ya 31

Miche imetulia na imetoa majani mapya mazuri, mafupi, mapana, shina nene. Nimeweka mche mmoja wa leo pembeni ya picha ya ule wa siku ya 9 na huwezi kuamini ni mbegu kutoka pakiti moja. Bluu iliyomo kwenye mwanga mweupe nayo inasaidia hapa, ndo inayoambia shina lisirefuke.

Siku ya 34

Kazi ya leo ilikuwa kupima rafu nzima. Nimechora gridi kwa chaki, vyumba 12, nikapima luksi katikati ya kila kimoja kwa urefu ule ule. Nimefungua dima yote. Katikati 17,000, kona ya nyuma kulia 8,400. Mmea wa kona ungepata nusu ya mwenzake na mimi ningelaumu mbegu! Nimefanya mambo mawili, nimezitenganisha zile bodi ziende karibu na ncha za rafu badala ya kukaa pamoja katikati, alafu nimeweka mbao nyembamba zilizopakwa rangi nyeupe isiyong'aa pande tatu, mwanga uliokuwa unakimbilia ukutani unarudi kwenye majani. Nimepima tena: katikati 15,000, kona 11,500. Sikuongeza hata wati moja. Wastani wa rafu ni 14,000, maikromoli 200, kwa masaa 16 ni moli 11.5, karibu kabisa na ninapotaka.

Ukitaka kupima hivi kwa simu, weka kipande cha karatasi nyeupe juu ya sensa ili ichukue mwanga wa pande zote, alafu linganisha namba kwa namba kwenye simu ile ile. Simu mbili hazisemi sawa. Na kama taa zako zina nyekundu nyingi usigawanye kwa 70, kipimo cha luksi hakioni nyekundu vizuri kwahiyo kitakudanganya kwamba una mwanga mdogo.

Siku ya 36

Saladi nimezihamisha kwenye maji. Natumia njia ya Kratky, imetokana na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, haina pampu wala umeme: chombo cha maji yenye virutubisho, mfuniko wenye tundu, kikapu kidogo cha mche kinagusa maji kwa chini tu. Mmea ukinywa, maji yanashuka, nafasi inayobaki ina hewa yenye unyevu na mizizi ya juu inapumulia hapo. Muhimu usijaze tena mpaka juu, utaizamisha ile mizizi iliyozoea hewa. EC (kipimo cha wingi wa virutubisho kwenye maji) nimeanza na 1.2, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 6. Mrehani nimeuacha kwenye udongo kwenye vyungu.

Siku ya 43

Vyombo vyangu vinapitisha mwanga kidogo na ndani kumeota utando wa kijani. Mwani. Ni jambo lililo wazi ukilifikiria, nimeweka maji na mbolea chini ya taa masaa 16, kwanini mwani usije? Unakula virutubisho, ukifa unaoza na kumaliza oksijeni ya mizizi. Nimeosha vyombo, nimevizungushia karatasi nyeusi kwanza alafu foili juu yake, nyeusi izuie mwanga na foili irudishe joto.

Joto la chumba limepanda nyuzi 3 tangu niweke bodi. Umeme wote unaoingia humu mwishowe unakuwa joto, ule uliogeuka mwanga pia. Mlango nauacha wazi kidogo.

Siku ya 46

Mdogo wangu kauliza, "Kaka, si uwashe masaa 24, zikue mara mbili?" Swali zuri, na kwa hesabu ya moli lina mantiki. Ila giza nalo mmea unalitumia kama saa. Watafiti Garner na Allard walilionyesha mwaka 1920 kwa tumbaku iliyokuwa haitoi maua mpaka siku ziwe fupi, na saladi yenyewe ni kinyume chake, siku ndefu pamoja na joto vinaisukuma ipige bua na itoe maua, majani yanakuwa machungu. Nyanya ukiziwashia kutwa kucha bila giza majani yanageuka njano. Nimemwambia nikitaka moli zaidi nitaongeza nguvu ya mwanga, masaa nayaacha 16.

Siku ya 49

Mrehani nimekata vichwa. Ukiwa na jozi tatu za majani unakata juu ya jozi ya pili, vile vichipukizi viwili vilivyolala kwapani vinaamka na kila tawi linakuwa mawili. Ninaona uchungu kila nikikata, mmea umejitahidi kufika hapo, lakini ukiuacha unakimbilia juu kwenye bodi na kutoa maua.

Siku ya 52

Saladi zina ncha za kahawia kwenye majani ya ndani kabisa, yale machanga. Mbili mwanzo, leo nne. Nikadhani ni taa inaunguza, nikataka kuipandisha. Ila majani ya nje ambayo yako karibu na mwanga ni mazima, yaliyoungua ni yale yaliyojificha katikati. Taa inaunguzaje jani lililofichwa?

Kumbe ni kalsiamu. Kalsiamu inasafiri na maji tu, na maji yanavutwa na jani linalopumua mvuke. Katikati ya mmea hewa imesimama, unyevu umejaa, jani changa halipumui vizuri, kalsiamu haifiki, na kadri mwanga unavyofanya mmea ukue haraka ndo pengo linazidi. Kwahiyo mwanga umo kwenye kesi ila sio kwa kuunguza. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilenga moli 17 kwa saladi zao wakiwa na feni zinazopuliza kutoka juu, zaidi ya hapo ncha zinaungua. Mimi niko chini ya hiyo lakini sina feni kabisa.

Nimefunga feni mbili ndogo za kompyuta, zinapuliza kushuka katikati ya mimea, majani yanatikisika kidogo tu.

Siku ya 57

Majani mapya yametoka mazima. Yale ya zamani yamebaki na alama zake, hayaponi. Feni zinabaki hapo moja kwa moja.

Siku ya 61

Nimevuna mara ya kwanza! Siku 40 tangu mbegu. Mimea sita, nimeipima, mzito kabisa una gramu 148 na mwepesi 96, na ule mwepesi ulikuwa kona ya nyuma kulia, ile ile ya luksi 11,500. Gridi ya chaki ilishasema. Umeme ni wati 65 kwa masaa 16, yaani uniti 1.04 kwa siku, kwa siku 40 ni kama 42, ingawa siku za mwanzo dima ilikuwa chini kwahiyo ni pungufu kidogo ya hapo. Nimeishika ile saladi mkononi, nzito, baridi, inalia ikivunjwa, haijawahi kuona jua hata dakika moja. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

Siku ya 63

Kuna vijinzi vidogo vyeusi vinaruka kwenye vyungu vya mrehani. Funza wake wanakaa kwenye udongo wa juu wenye unyevu na wanakula mizizi. Naacha juu pakauke kabla ya kumwagilia tena, na nimeweka karatasi za njano zenye gundi. Kwenye vyombo vya saladi hakuna hata kimoja.

Siku ya 66

Mbegu za awamu ya pili ziko chini. Safari hii naziweka kila wiki chache chache ili zisikomae zote pamoja. Vyombo vya kona nitavibadilishana na vya katikati kila siku ya nne. Mdogo wangu ameanza kuulizia nyanya za kuotesha kwenye kopo kubwa kwa ngazi ya chini, nimemwonyesha hesabu: nyanya inataka moli 20 mpaka 30, kwa masaa 16 hiyo ni maikromoli 350 na kuendelea, kwahiyo kwa rafu hii hii ni karibu mara mbili ya bodi nilizonazo. Kaenda kutazama draiva kama inabeba bodi nne.

Siku ya 67

Haibebi. Tunatafuta nyingine.